Mliomtuma Mtoto Kilabuni

Sikieni, wazazi wa Vugiri, ninyi mnaokaa juu milimani katika baridi ya Usambara. Mnampa mtoto wa miaka tisa kidumu, mnamtuma kilabuni akawaletee boha, pombe ya miwa. Njiani yuko peke yake na kidumu chake. Akirudi ananuka, mnacheka: "Huyu dume!" Miaka sita baadaye mnamkuta kalala mtaroni saa nne asubuhi, shule kaacha, nanyi mnauliza ni shetani gani aliyempitia. Ni ninyi.

Mnasema vileo vinavyowaharibu vijana vinatoka mpakani na Kenya, vinavuka Horohoro na kupanda hadi huku. Je, boha nayo imevuka Horohoro? Miwa mmeipanda wenyewe, mmeikamua wenyewe, mmeichachusha wenyewe. Mpaka anaouvuka mtoto kila jioni ni kizingiti cha kilabu, na anayempa pesa ya kuvukia ni baba yake.

Hata huko mpakani hakuna pa kujifichia. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Wakenya, katika sheria yao ya vileo ya 2010, wameweka umri huohuo, wakakataza na baa kusogezwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Simama Horohoro, geuka kulia, geuka kushoto: hakuna upande uliomruhusu mwanao.

Tarehe 1 Machi 2017 viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipigwa marufuku nchi nzima. Tulishangilia, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa ameshaona kiroba katika mfuko wa kaptura ya shule. Wewe mwenye duka ukafanya nini? Ulifungua chupa kubwa, ukaanza kupima toti, na mwanafunzi akaendelea kupanga foleni. Ole wako! Serikali ilikuondolea kifuko mkononi, nawe ukaweka kikombe mahali pake.

Na wewe mtendaji, na wewe mwenyekiti wa kitongoji: ushuru wa kilabu mnaujua hadi senti ya mwisho. Mtoto aliyesimama mlangoni na kidumu mnamwambia, "Sogea kidogo, nipite." Mnapita, mnakaa, mnakunywa. Nani basi amkamate muuzaji, ikiwa walinzi wa sheria ndio wateja wake? Masheikh na wachungaji, ninyi mnamkemea mlevi kila Ijumaa na kila Jumapili, lakini aliyemtuma mtoto anakaa safu ya mbele na hamumgusi.

Tangu mwaka 1982 sheria ya serikali za mitaa imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya uwezo wa kuzithibitisha. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ujao msiumalize kwa habari za barabara peke yake. Andikeni: mzazi atakayemtuma mtoto pombe atozwe faini, muuzaji atakayempimia afungiwe, kiongozi atakayenyamaza asimamishwe mbele ya mkutano na kuulizwa. Kisha faini ya kwanza mtozeni mwenye heshima kuliko wote miongoni mwa watakaokamatwa, tena watoto wakiwapo.