Mawe Yasiyouzwa

Sisi tukaao Lugoba tumezoea kuliona jiwe likipasuliwa, likasagwa kokoto, likapimwa na kupakiwa malori yaendayo Dar es Salaam, wala hatuoni ajabu, kwa kuwa jiwe kwetu ni riziki kama yalivyo mahindi; basi siku niliposhuka kwa njia ya Msata hadi Bagamoyo, nikaendelea kilomita kama 5 kusini mpaka Kaole, nilijikuta mbele ya mawe ambayo hukumu yake ilinitatiza.

Kaole ni mahame. Misikiti miwili imebaki kuta za matumbawe na chokaa, na kando yake yamelala makaburi, baadhi yana nguzo zilizotiwa zamani bakuli za Kichina. Mikoko iliiziba bandari, biashara ikahamia Bagamoyo, na watu wakaifuata. Hata mwanaakiolojia Neville Chittick alipokuja kuchimbua mnamo 1958, adhana ilikuwa imekwisha kunyamaza zamani za kale.

Je, msikiti usiosaliwa ni msikiti? Kwa madhehebu ya Shafi, ndiyo tuliyoirithi watu wa pwani, jibu halina shaka: wakfu hautanguki, na ardhi iliyofanywa msikiti hubaki msikiti ijapokuwa dari imeporomoka na mji umehama, wala haiuzwi. Wanachuoni wa Hambali huruhusu msikiti uliokosa manufaa uuzwe, thamani yake ikajenge mwingine. Na katika wanafunzi wa Abu Hanifa, Abu Yusuf alisema kama Shafi, ilhali Muhammad ash-Shaybani aliona kwamba mali humrudia mwenyewe aliyeitoa, au warithi wake. Nakiri kuwa rai ya Hambali inaniingia akilini upesi, maana mpasua mawe hapendi kuona jiwe likikaa bure. Hata hivyo siiridhii kwa Kaole, kwani aliyekitoa kiwanja kile hakumpa jirani yake, alimpa Mola, na Mola hahami kwa sababu mikoko imeota.

Lililonishughulisha zaidi ni hali ya tatu, ambayo sikuisoma katika vitabu vya fikihi nilivyowahi kuvishika: msikiti usiosaliwa wala kuuzwa, bali uliowekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale, mgeni akalipa kiingilio ili autazame. Silaumu, maana bila ulinzi huo pengine kuta zile zingekwisha kuwa misingi ya nyumba za watu. Lakini kutazamwa si ibada. Afadhali kaburi la Sharifa, lililo papo hapo Kaole, ambako watu hadi leo huja kuomba dua na kuacha sadaka zao, wasiulize ni karne ya ngapi.

Nilipofika kizingitini mwa msikiti nikainama kuvua makubazi, na kijana aliyenitembeza akanizuia kwa adabu: “Vaa tu, mzee, humo mna miba.” Nikavua. Na miba ilikuwamo kweli.