Goti Linauma, Chanzo Ni Nyonga

Somo: Waebrania 12:12-13

Wapendwa, hapa Nyansiongo wapo waumini wasiopiga magoti wakati wa maombi, nasi tumeshawahukumu kuwa wana kiburi. Baadhi yao ni kina mama wanaoshinda shambani wakichuma chai, kisha wanateremka na kikapu mgongoni hadi kituo cha kupimia. Kwenye mteremko ndipo upande wa nje wa goti unapochoma.

Mtaalamu wa fiziotherapia akimlaza ubavu mgonjwa wa namna hii, mara nyingi haanzi kwa kusugua panapouma. Kuna ukanda mgumu unaotoka nyongani, ukapita pembeni mwa paja, ukajishika kwenye mfupa wa muundi chini kidogo ya goti. Misuli ya nyonga ikikosa nguvu, mzigo huelemea huko chini. Basi vidole gumba vinaanzia juu: anabonyeza msuli uliokaza, anatulia hapo mpaka uachie, ndipo anashuka polepole. Mgonjwa akikunja uso, mkono unapunguza nguvu, lakini hauondoki.

Sisi je? Kijana akiacha ibada, tunamkemea kwa utoro. Hatuulizi habari za shamba lililouzwa nyumbani kwao. Mama akiacha kwaya, tunamsema. Karo inayomkosesha usingizi hatuigusi. Tunasugua palepale panapouma, na maumivu yanazidi.

Tazameni somo letu. Mwandishi haamuru kiwete ajikaze peke yake. Anawaagiza ndugu wote wayatie nguvu magoti dhaifu na kunyoosha njia, ili aliye kilema apone badala ya kuteguka zaidi.

Hata hivyo, kukandwa hutuliza kwa muda tu. Mgonjwa hurudi nyumbani na zoezi: alale ubavu, ainue mguu wa juu, aushushe taratibu, siku baada ya siku, mpaka nyonga ipate nguvu. Vivyo hivyo aliyeombewa ana sehemu yake ya kufanya.

Wiki hii, mwenye goti lililovimba, lenye moto au lisilobeba uzito, amwone daktari kabla ya kukandwa na yeyote. Nasi wengine, tumtembelee mmoja tuliyemhukumu, tumuulize mzigo wake unaanzia wapi, na kama ni kikapu cha chai, tumbebee hadi kituoni.

Bwana, tupe mikono yenye subira, na masikio yanayouliza kabla ya kukemea. Amina.