Kiti Chetu Mahakamani

Wengi wetu tumewahi kuingia Mahakama ya Mwanzo, kama si kwa kesi yetu basi kwa kumsindikiza ndugu. Humo tunamkuta hakimu, karani na majalada yake, mlalamikaji na mshtakiwa. Mashahidi husubiri nje hadi waitwe. Kila mmoja ana nafasi yake, wala hakimu hawezi kuwa shahidi katika kesi anayoiamua.

Swali letu ni hili: mwenzetu akisemwa kuwa ameanguka, sisi waumini tunakaa kiti gani?

Mara nyingi tunavikalia vyote. Mama mmoja aliyekuwa mhazini wa kikundi chetu alisemwa kuwa amekula michango. Siku hiyohiyo tulikuwa walalamikaji, mashahidi na mahakimu. Stakabadhi ya benki ilipoonekana, yeye alikwisha kuhamia usharika mwingine.

Mahakamani, shahidi hutakiwa kueleza alichoona au kusikia mwenyewe. Maneno ya "watu wanasema" hayamtii mtu hatiani. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 19, ilidai mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo alipewa adhabu ileile aliyomkusudia ndugu yake. Tuliyoyafanya sisi yasingekubaliwa hata na mahakama ya dunia.

Je, basi tuifumbie macho dhambi? Hapana. Aliyedhulumiwa ana haki ya kusikilizwa, na kanisa linalomnyamazisha mlalamikaji humlinda mwenye nguvu. Lakini kushtaki ili haki irudi si sawa na kushtaki ili mtu aangamie. Katika Zekaria 3, Shetani anasimama kumshtaki kuhani mkuu Yoshua. Mavazi ya Yoshua yalikuwa machafu kweli, hata hivyo aliyekemewa ni mshtaki, na Yoshua akavikwa mavazi mengine. Tunajifunza kwamba hata shtaka la kweli laweza kuwa kazi ya yule mwovu.

Kiti cha hakimu kina mwenyewe. Kristo alipowaaga wanafunzi wake aliwapa kazi ya ushahidi, naye mwenyewe ni Mwombezi wetu kwa Baba. Tukikumbuka kwamba sisi sote tutasimama kizimbani mbele zake, tutapunguza haraka ya kuhukumu.

Yule mama tulimfuata, tukamwomba radhi, naye akatusamehe. Hakutudai shahidi hata mmoja. Mungu atujalie moyo kama huo.