Ukurasa Nilioruka



Binti yangu aishiye Marekani alimtumia mjukuu wangu wa miaka 6 kitabu cha picha. Ni habari ya kweli ya Henry Brown, mtumwa wa mji wa Richmond, ambaye mwezi wa Machi 1849 alijifungia ndani ya sanduku la mbao, akasafirishwa kama mzigo kwa muda wa saa 27 mpaka Philadelphia, mahali ambapo hapakuwa na utumwa. Kilitungwa na Ellen Levine na kuchorwa na Kadir Nelson, mwaka 2007.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu hukisoma kitabu peke yake kwanza, ndipo awasomee watoto. Mimi, kwa kiburi cha uzee, sikufanya hivyo. Tulipofika katikati nikaona watoto wa Henry wakichukuliwa garini, wamekwisha kuuzwa pamoja na mama yao, naye baba anatazama. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Bibi, umeruka," mtoto akasema.

Je, yafaa mtoto mdogo aambiwe habari za utumwa? Wako wasemao angoje akue, na hoja yao si ya kudharauliwa. Mtoto wa miaka 6 hana pa kuuweka uovu mkubwa namna hiyo. Lakini tazameni kilichobaki nilipouruka ukurasa ule: mtu mzima amejikunja ndani ya sanduku, mara kichwa chini, miguu juu. Mjukuu wangu angecheka, wala asingekuwa na kosa. Ni kuuzwa kwa Nancy mkewe na watoto wao, mwaka 1848, kulikomfanya Henry aone sanduku ni afadhali. Nikiificha dhuluma, ukombozi nao wageuka mchezo.

Liko na kosa jingine. Januari 2016 kilitolewa huko Marekani kitabu cha picha juu ya Hercules, mpishi mtumwa wa Rais George Washington. Alichorwa akitabasamu pamoja na binti yake, wakioka keki ya sikukuu ya kuzaliwa ya bwana wao. Watu wengi walilalamika, na mchapishaji akakiondoa mwezi uo huo. Hercules mwenyewe alitoroka mwaka 1797. Picha zile hazikuwa za kumtisha mtoto, ila zilimwonyesha kwamba mtu aweza kumilikiwa naye akaridhika. Huo ndio uongo walioupenda wenye watumwa.

Basi nikarudi nyuma, tukausoma ukurasa.

"Aliwapata tena watoto wake?"

"La, hakuwapata."

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kwa nini mama yao naye hakuingia sandukuni. Nikamweleza kwamba Nancy hakuwa mwoga. Wengi mno hawakupata nafasi ya kutoroka, na ushujaa wao ulikuwa kuishi na kulea. Nikamweleza pia juu ya Samuel Smith, mshona viatu mzungu aliyelituma sanduku lile, ambaye baadaye alifungwa gerezani kwa kujaribu kuwatuma wengine. Usiku ule mtoto alilala chumbani kwangu. Hata hivyo sijutii. Katika miaka yangu ya ualimu nimeona kwamba jambo zito huvumilika likielezwa na mtu ampendaye mtoto. Linalomvunja ni kuligundua peke yake, na kujua kwamba sisi tulimficha.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Kengeleni, hapa Mombasa, nikamwonyesha kengele ya Frere Town, makao ambayo wamisionari wa C.M.S. waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Akaitazama sana, akauliza, "Na hawa, nani aliwauza?"

Hapo ndipo nilipotamani tena kufunua kurasa mbili. Ni rahisi kumsimulia mtoto ubaya wa Richmond, maana Richmond ni mbali. Nikamwambia kweli: wengine waliowauza walitoka ng'ambo, na wengine walikuwa watu wa pwani na wa bara, weusi kama sisi. Akasema, "Kumbe!" Akanishika mkono.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, baba aagizwa kwamba mwanawe atakapouliza maana ya amri za Mungu, jibu lianzie utumwani Misri. Hakuambiwa amngoje mtoto akue; ameambiwa amjibu aulizapo.

Basi, enyi wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, kisomeni kitabu peke yenu kwanza. Chagueni wakati wa mchana, si wa kulala. Na mkifika kwenye ukurasa mgumu, hasa ule unaotuhusu sisi wenyewe, mpakateni mtoto, msome polepole, wala msiuruke.