Mwivi Mwungwana



Mwaka 1932 ilitoka Marekani picha ya sinema iitwayo Jewel Robbery, nayo yasimulia mambo ya mji wa Vienna. Mwivi aingia dukani mwa sonara, amevaa vizuri, asema kwa adabu, kisha ampa mwenye duka sigara yenye kulevya. Maskini yule acheka, na vito vyake vyaenda. Nasi watazamaji twacheka. Maana sigara ile twavutishwa sisi sote, hata tumsahau aliyeibiwa.

Martin Luther, alipoieleza amri ya saba katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, hakuwaonya wavunja makasha tu, bali na wevi waketio vitini, waitwao mabwana. Basi apimaye kwa kibaba kipungufu huku akimchekea mnunuzi, na akopaye sadaka ya kanisa kwa siri, hao ni ndugu zake mwivi yule.

Zakayo hakumletea Yesu maneno matamu tu; aliahidi kurudisha mara nne. Toba ya mwivi huonekana mkononi. Bwana atulevue, tumwone aliyeibiwa. Amina.