Kiganja Kimoja Tu



Hapa Songea, msimu wa mahindi, lundo kila mtu analijua. Toa punje moja: bado lundo. Toa nyingine: bado. Sasa ni punje ya ngapi inayolimaliza? Hata kompyuta inakwama hapo mpaka uipe kikomo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh alileta hesabu inayokubali kitu kiwe "lundo" kwa kiasi, kati ya 0 na 1. Ila hizo namba bado lazima mtu azipange.

Na sisi tunajifichia humohumo. "Nimechota kiganja tu kwenye gunia la bosi, huo nao wizi?" Kesho kiganja kingine. Kanisa liliona mapema: mwaka 1679 Papa Inosenti XI alikataa wazo kwamba aliyeiba kidogokidogo, hata jumla ikiwa kubwa, akigoma kurudisha hatendi dhambi ya mauti. Haba na haba hujaza kibaba. Wizi nao hujaza.

Basi usingoje kuijua punje ya mwisho. Usiku huu, kabla ya kulala, hesabu viganja vyako. Unachoweza kurudisha, anza kesho.

Bwana, utupe dhamiri nyepesi kusikia. Amina.