Deni la Njia

Kuna sifa ambayo watu wote huwa wepesi kuitoa: sifa ya mtu aliyesafiri mbali peke yake. Husemwa kuwa hakubebwa wala hakuongozwa. Alitegemea mikono yake, akili yake na chombo chake. Lakini sifa hii, kama nyingine nyingi, aghalabu hutolewa kabla ya kupimwa. Kipimo chake hakitokei mwanzo wa safari, wakati moyo una hamu, wala katikati, wakati mwili una uchovu. Hutokea siku ya mwisho, wakati nyumbani kumekaribia. Siku hiyo ni mali ya nani? Ni ya msafiri aliyeitaabikia, ni ya jamaa wanaomngoja, au ni ya njia iliyomfikisha?

Ted Simon, mwandishi wa habari wa Uingereza, aliondoka London mwezi wa Oktoba 1973 juu ya pikipiki aina ya Triumph, akaizunguka dunia peke yake kwa muda wa miaka 4. Alipita nchi 45, Kenya na Tanzania zikiwamo, akaenda zaidi ya kilomita 100,000. Alirejea 1977, na kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka 1979. Jina la msafiri wa pekee lilimstahili, kwa kuwa aghalabu tandiko lake halikuwa na mwenzi. Hata hivyo, hakuna mtu awezaye kupita nchi zote hizo bila kula chakula kilichopikwa na wengine, kulala chini ya dari za wengine, na kuuliza njia kwa wenye nchi. Upweke wa namna hiyo ni upweke wa kiti. Si upweke wa maisha.

Na utwaliwe mfano ulio karibu zaidi. Kijana wa Marangu afanyaye kazi Tunduma, mpakani mwa Zambia, anarudi kwao kwa pikipiki mwezi wa Desemba, kama ilivyo desturi ya Wachagga wengi, ili mwisho wa mwaka umkute kwa wazazi. Njia yake ni zaidi ya kilomita 1,000. Ameipita baridi ya Makambako na mteremko wa Kitonga. Huko Ruaha Mbuyuni mpira wake ulipasuka, naye hakuwa na gundi ya viraka. Muuza vitunguu wa kando ya barabara aliiacha meza yake, akatafuta gundi, akashika spana, akaziba. Alipopewa fedha alizikataa. Alisema kuwa msafiri hatozwi kwa kupatwa na mkosi. Basi kijana alinunua gundi na pampu mjini Morogoro, akaenda zake.

Siku ya mwisho inamkuta Korogwe alfajiri. Mashamba ya mkonge yanabaki nyuma. Milima ya Usambara, kisha ya Upare, inasimama mkono wake wa kuume kama wazee waliotoka kumpokea. Baada ya Same, mawingu yakiwa na huruma, Kilimanjaro huonekana mbele. Hapo ndipo hatari ya siku ya mwisho huanza. Mlima uonekanao kwa macho huufanya moyo udhani kuwa umekwisha kufika, na moyo uliokwisha kufika huusukuma mwili uufuate kwa nguvu. Aliyeendesha kwa hadhari siku tatu huanza kuyapita malori katika kona. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini haraka itokanayo na mapenzi huweza kuwanyang'anya wapendwa yule yule wanayemngoja.

Saa kumi na mbili jioni, baada ya Mwanga, anamwona mzee akisukuma pikipiki yenye pancha. Jua limebakiwa na nusu saa. Nyumbani mama amekwisha kuteka mtori. Je, asimame?

Hoja za kupita si dhaifu, na haifai kuzidharau. Mama ni mama, na damu ina haki ambayo mgeni hana. Ahadi ya kufika kabla ya giza ilitolewa kwa mama, haikutolewa kwa mzee. Tena barabara ina wanyang'anyi wajifanyao wahitaji. Tena muuza vitunguu wa Mbuyuni ndiye mwenye deni, si mzee huyu. Na deni la Ali halilipwi kwa Juma.

Hoja ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa hiyo ndiyo ipasayo kujibiwa kwanza. Deni la dukani lina mwenyewe, na hulipwa kwake. Lakini muuza vitunguu aliikataa fedha, akijua kuwa pengine hatamwona kijana yule tena. Asingaliweza kutazamia malipo. Kwa hiyo alichotoa hakikuwa mkopo kwa mtu mmoja. Kilikuwa ulinzi wa desturi, kwamba mtu aliyekwama asiachwe. Aliyefaidiwa na desturi hawezi kuirudisha nyuma alikoipata. Huweza tu kuipeleka mbele. Akiikatisha, hakumdhulumu muuza vitunguu peke yake, bali amemdhulumu kila atakayekwama baada yake.

Hoja ya damu nayo ina kweli, ila imechukua kipimo kisicho chake. Upendo hupimwa kwa ujamaa, lakini msaada hupimwa kwa haja. Mama atapoteza nusu saa ya kungoja, na simu ya mkononi yaweza kumwondolea hofu. Mzee atapoteza usiku mzima, na pengine zaidi ya usiku. Madhali hasara hizi mbili hazilingani, kumpendelea aliye wa damu katika dogo dhidi ya mgeni katika kubwa si mapenzi ya mama. Ni uchoyo uliovaa kanga ya mama.

Inabaki hoja ya wanyang'anyi, nayo haikanushwi kwa maneno matamu. Tahadhari si dhambi. Mtu asimame mahali palipo wazi, karibu na nyumba au maduka, na penye shaka ya kweli apite, kisha awaarifu watu wa mbele. Wema haumdai mtu auawe. Lakini kuna wengi wasiomwogopa mzee kamwe; wanauogopa mtori kupoa, kisha wanaukopea woga huo jina la busara. Kila mtu aujua wake.

Basi kijana akisimama, atapanda kutoka Himo kwenda Marangu gizani, polepole, mikono ikinuka gundi. Nusu saa ile imempoza moyo uliokuwa ukimkimbiza. Yamkini ndiyo iliyomfikisha salama. Mama atamuuliza, "Mwanangu, umekuja peke yako?" Ataitikia, "Ndiyo, mama," kwa kuwa tandiko lilikuwa tupu, na usiku si wakati wa maelezo marefu. Lakini moyoni atajua kuwa jibu lile ni nusu. Huko Mbuyuni mtu mmoja amekwisha kuifunga meza yake akalala, wala hatapata habari kamwe kwamba kazi yake ya siku ile ilifika hadi Mwanga.